Nahodha wa Kibendera cha Kona

Karakana ya redio, mlango uleule wa bluu
Jumatatu, baada ya chai ya saa nne

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na kama zingekuwa na uzito, mtu wa posta angekataa kuzibeba. U hali gani? Goti la kulia linasemaje na baridi hii? Na Shemeji hajambo? Nasikia bado anakukataza kupanda juu ya meza kubadilisha balbu. Mwambie namuunga mkono. Seremala wa miaka hamsini na miwili akianguka kutoka juu ya meza aliyoitengeneza mwenyewe atachekwa mara mbili, mara kwa kuanguka na mara kwa meza.

Sisi huku tu wazima. Mke wangu ana kikohozi kidogo, lakini sauti ya kunigombeza iko palepale. Kazi zipo. Watu bado wanavunja simu zao, na wazee bado wananiletea redio zao wakisema zimeacha kusema ghafla, nami nikizifungua nakuta mende amehamia na familia.

Najua unajiuliza kwa nini nimekuandikia barua na hali simu zipo, tena mimi ndiye nazitengeneza. Ukweli ni kwamba simu ungeweza kunikatia katikati. Nina jambo ambalo ni lazima ulipate mpaka mwisho wake, na barua hata ukiikunja kwa hasira, utaikunjua tena. Pia kuna kifurushi kidogo nilichokifunga kwa utepe mweusi. Tafadhali usikifungue kwanza. Nakujua, tayari umeshakitikisa sikioni. Kiweke chini, Kaka.

Nianze na habari za mwanao, maana ndizo ulizozirukia macho. Binti yu mzima, anakula vizuri, na kambi ya timu inawapa ruhusa Jumamosi kuja mjini, basi anashinda hapa karakana akinipangia skrubu kwa ukubwa. Kocha wao alipogawa jezi aliwauliza nani anataka namba gani, na mwanao alisema nane kabla swali halijaisha. Jumapili hii wanacheza mechi yao ya kwanza, katika uwanja wetu uleule. Ameniambia alikualika ukamjibu kwamba una milango ya kumalizia. Milango gani hiyo, Kaka, isiyokwisha? Tangu akiwa na miaka kumi kila akicheza wewe una milango. Ulimtengenezea goli la mbao uani, ukalipaka rangi nyeupe mara tatu, lakini kwenda kumtazama akifunga kwenye goli la watu wengine hutaki.

Jumamosi ya kabla ya hii iliyopita, akiwa amejaza skrubu kiganjani, aliniuliza kama ni kweli wewe uliogopa. Aliuliza polepole, bila kuinua macho. Wenzake kambini wameipata kwenye simu ile picha yako ya dakika ya themanini na nane, ile ambayo umesimama kwenye kona na mpira miguuni, umeligeuzia goli mgongo. Siku hizi wanaitilia muziki. Mwenzake mmoja alimwambia kwa mzaha kwamba akipata nafasi ya kufunga akumbuke yeye ni mtoto wa Kibendera. Alicheka pamoja nao, akaja kwangu kuuliza, kwa sababu wewe hathubutu kukuuliza. Nilimwambia hayo ni mambo ya zamani, nikawasha chuma changu cha kulehemu nijifanye nina kazi. Hapakuwa na kitu cha kulehemu.

Kaka, miaka ishirini na minne imepita lakini mimi naiona siku ile kama nguo iliyoanikwa mbele ya dirisha. Unakumbuka tulivyoagwa. Nchi nzima ilitupungia mkono ikijua tutarudi baada ya mechi tatu, na refa mmoja mstaafu alishamwalika kocha harusini kwa wiki ambayo ilikuwa ya fainali. Nafasi yangu ya kutunza vifaa uliniombea wewe. Ulimwambia kocha una mdogo wako anayejua kukunja soksi, akacheka, akanichukua. Nikapewa jezi, njumu, mipira, chupa za maji, na ile redio kaseti ya wachezaji ambayo ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa kuliko zote.

Maana timu yetu ilikuwa na mwiko wake. Mchezaji alivaa njumu, akakaa, akaziacha wazi. Hakuna aliyefunga kamba mpaka wimbo wetu wa bahati ufike kwenye kiitikio. Kiitikio kikianza, wote kumi na mmoja mliinama kwa pamoja mkafunga. Kocha alisema ni upuuzi, lakini nilimwona kwa macho yangu akisubiri kiitikio ndipo afunge na viatu vyake.

Na wimbo ule ulitufikisha. Tukatoka sare ya tatu kwa tatu, halafu mbili kwa mbili. Wenzetu wao kwa wao walikuwa wakitoka sare kavu, bila bao, hivyo tukaingia mechi ya mwisho kundi zima lina pointi sawa, sisi tukiwa juu kwa wingi wa mabao. Aliyeongoza kundi ndiye aliyekwenda fainali. Hesabu ilikuwa nyepesi, hata beki wetu wa kushoto aliielewa. Mechi zote mbili zikiisha sare, fainali ni yetu. Ile mechi nyingine, iliyochezwa saa ileile katika mji mwingine, ikipata mshindi, basi na sisi ni lazima tushinde.

Ndiyo sababu kocha alinipa redio ndogo ya mkononi na kisikilizio cha sikioni, nikae benchi niifuatilie ile mechi nyingine. Tukapatana ishara. Kiganja kilicholala maana yake sare bado, tulieni. Ngumi juu maana yake mmoja amefunga, nendeni mkatafute bao. Asubuhi ile kocha alinikabidhi betri mbili mpya, mkononi kabisa, akaniambia hizo ndizo macho ya timu.

Chumbani mkakaa, njumu wazi, nikabonyeza kitufe. Unakumbuka aibu ile? Wimbo ukaanza kuburuta. Mwimbaji wa kike akawa na sauti ya babu. Nyuso zenu zilishuka zote kwa pamoja, na kipa akasema yeye bila kiitikio hatoki. Wewe nahodha ukaniambia fanya jambo, mdogo wangu, na refa huyo mlangoni. Nikageuka ukutani, nikafanya jambo. Wimbo ukafufuka, kiitikio kikapasuka, kamba zikafungwa, nanyi mkaniita Fundi kwa mara ya kwanza. Jina hilo ndilo lililoandikwa juu ya mlango wa karakana hii mpaka leo.

Sihitaji kukukumbusha mechi, ulikuwa ndani yake. Wakafunga, tukarudisha, tukaenda mapumziko tukiwa bao moja kwa bao moja. Kipindi cha pili kocha akawa ananigeukia kila baada ya dakika chache, nami nalaza kiganja. Dakika ya themanini na nane ukaunasa mpira katikati ya uwanja, mbele yako beki mmoja aliyechoka na kipa aliyetoka golini mpaka anatia huruma. Uwanja mzima ulisimama. Nawe ukatazama benchi mara moja, ukageuka, ukaukimbiza mpira kwenye kona, ukasimama pale kwenye kibendera ukiulinda kwa mgongo mpaka kipenga.

Tukacheza ngoma! Mlinzi alipofungua chumba, nilileta redio kaseti uwanjani mwenyewe. Mkalala chini, mkapanda juu ya migongo ya wenzenu, kocha akambusu refa. Halafu mtangazaji wa uwanja akasoma matokeo ya mechi nyingine. Moja kwa bila, bao la dakika ya sabini na moja. Ule mguno wa watu nausikia bado. Habari ilimfikia kila mchezaji kwa wakati wake, na beki wetu wa kushoto ilimfikia mwisho. Alicheza peke yake karibu na duara la kati kwa muda mrefu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Kwenye uwanja wa ndege waandishi walikuzingira wakakuuliza nani alikwambia sare inatosha. Nilikuwa nyuma yako nimebeba mfuko wa mipira. Ulijibu kwamba wewe ndiye nahodha na uliamua mwenyewe. Basi. Hukumtaja kocha, hukunitaja mimi. Kuanzia siku ile wewe ukawa Kibendera. Wakakuimbia mitaani, wakakuacha nje ya timu, na wewe ukahamia huko uliko ukashika randa na msumeno. Na ndani ya basi la kutoka uwanja wa ndege ulikuja kukaa kando yangu, ukakata mkate wako nusu, ukanipa. Ukaniambia nisijitese, mtangazaji wa redio ndiye aliyekosea, amenidanganya na mimi. Nikaupokea ule mkate. Nikaula wote.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu.

Alhamisi alikuja hapa mwanahabari mmoja, dada mchangamfu, ana mkoba umejaa nyaya. Anatengeneza kipindi juu ya timu yetu ile. Alikuwa ameshakwenda kwa kocha wetu, ambaye siku hizi anafuga kuku na kuwapigia filimbi wakati wa kula. Kocha alimwambia kwamba juu ya dakika zile za mwisho akamuulize aliyekuwa na redio. Basi huyo hapo, na kinasa sauti chake juu ya benchi langu la kazi. Binti yako naye alikuwepo. Walipewa mapumziko siku hiyo, alikuwa pembeni na skrubu zake.

Nikaanza hadithi yangu ya siku zote, kwamba mtangazaji wa mechi ile alikosea. Nimeisimulia mara nyingi kiasi kwamba ina hata mahali pa kukohoa. Dada yule akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba ameupata mkanda wa matangazo yale ghalani, akanichezea. Kaka, mtangazaji hakukosea. Dakika ya sabini na moja alipiga kelele ya bao mpaka pumzi zikamwishia, akavuta nyingine, akaendelea. Kiziwi angeisikia.

Binti yako akaacha skrubu. Akanitazama, na macho yale ni yako, Kaka, yaleyale yaliyotazama benchi.

Nikasema. Kwanza kwao, na sasa kwako, ambaye ungestahili kusikia kabla ya mtu yeyote.

Zile betri mbili mpya nilizitia kwenye redio kaseti. Ndilo jambo nililolifanya nilipogeuka ukutani. Nikachukua zile kuukuu za kaseti nikazitia kwenye redio ya mkononi, nikijiambia wimbo ukiisha nabadilisha. Wimbo ukaisha, mkatoka mbio, mlinzi akafunga chumba na funguo akaondoka nazo. Nikajipa moyo kwamba zitanifikisha. Zilinifikisha dakika ya hamsini na nane. Sauti ikaanza kufifia, nikainama chini ya benchi kama ninayetafuta chupa, nikazitoa, nikazisugua, nikaziuma kwa meno. Zikanipa dakika tatu zaidi. Halafu kimya, Kaka, kimya kabisa, na kisikilizio kiko sikioni.

Ningesema palepale, mambo yote yangekwenda vingine. Lakini unamjua kocha wetu enzi zile, akipiga kelele hata chupa za maji zilitetemeka. Na zaidi ya kocha, niliogopa kukuaibisha wewe uliyeniombea kazi. Kocha akanigeukia. Nikalaza kiganja. Nilijiambia si uongo, mara ya mwisho nilisikia ni sare. Akanigeukia tena, nikalaza tena. Mara ya tatu akataka maelezo, na hapo ndipo shetani alipoketi nami benchi. Nikamwambia wamekosa kona. Baadaye nikamwambia kipa wa mmoja wao ameumia, anatibiwa. Dakika ya themanini nikampigisha mtu shuti likagonga mwamba. Kocha akashika kichwa kwa raha. Mechi yangu, Kaka, ilikuwa tamu kuliko ile ya kweli. Kwenye mechi ya kweli mmoja alikuwa ameshafunga dakika tisa kabla.

Na dakika ya themanini na nane ulipounasa mpira ule, watu wote wanaamini ulimtazama kocha. Mimi peke yangu najua hukumtazama kocha. Ulinitazama mimi. Ulitaka kujua kama uende au utulie, ukamuuliza mdogo wako kwa macho, na mdogo wako akalaza kiganja. Uligeuka kwa sababu uliniamini. Hukuogopa hata chembe.

Mambo ndiyo hayo. Nimelia kidogo nilipofika hapa, na mke wangu amedhani ni moshi wa risasi ya kulehemu. Nisamehe, Kaka. Hukunitaja siku ile ukidhani unamkinga mtu aliyedanganywa, kumbe unamkinga mwongo, tena mwongo aliyekula nusu ya mkate wako.

Nilipomaliza kusema, dada wa kipindi alisahau kuzima kinasa sauti. Binti yako akasimama. Nilitegemea aondoke, na angekuwa na haki. Badala yake akaniuliza kama ni kweli niliziuma betri. Nikamwambia ndiyo. Akataka nimwonyeshe. Nikachukua betri juu ya benchi, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, nikauma. Kaka, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni katikati ya skrubu zote alizozipanga, na alipokuwa chini kicheko kikageuka machozi, kisha kikarudi kicheko. Akasema tangu utotoni alikuwa akiogopa kwamba woga unarithiwa. Akaniambia pia kwamba hatakupigia simu, kwamba jambo hili ni langu na nikuandikie mimi, tena leo leo. Nimechelewa siku nne. Unanijua.

Kipindi kitarushwa Jumamosi saa kumi jioni. Jina langu litasikika, na sauti yangu, na hata ule mlio wa meno kwenye betri, maana dada yule amesema hawezi kuukata. Kuanzia Jumapili asubuhi Kibendera atakuwa mimi. Jirani yangu muuza magazeti atanitesa mpaka nizeeke, nami nitamwachia, maana zamu yako ilikuwa ndefu mno.

Sikuombi unijibu. Sikuombi hata unisamehe wiki hii. Nakuomba uiache hiyo milango, upande basi la asubuhi Jumapili, uje umwone namba nane. Yeye akinasa mpira katikati ya uwanja hatazami benchi, nimemwona mazoezini. Nitakuwa jukwaani upande wa jua. Kama hutaki kukaa karibu nami kaa upande wa kivuli, mimi nitakuona kutoka huko na itanitosha.

Msalimie sana Shemeji, na umwambie asome barua hii yeye pia, ili awe na la kukuambia ukikataa kuja. Wasalimie majirani na vijana wako wa karakana. Mke wangu anakusalimu, na binti yako anakusalimu zaidi ya wote, ingawa anajifanya hajui kwamba naandika.

Sasa fungua kifurushi. Ni betri mbili mpya, nimezipima mwenyewe, zimejaa. Zitie kwenye redio yako Jumamosi kabla ya saa kumi. Zitie kwenye redio, Kaka, na usizitoe kwa sababu yoyote, hata wimbo wa nani uwe unaburuta.

Wako mdogo wako,
niliyekuwa mtunza vifaa,
Fundi